Randa ya kwanza: ipi ununue, ipi uiache dukani

Randa yangu ya kwanza ilikuwa mpya, ya bluu, inang'aa kuliko kitu chochote kwenye karakana. Niliinunua kwa haraka ya mtu anayetaka kuitwa fundi kabla ya mwezi kuisha. Wiki ya pili mzee niliyekuwa nikimsaidia kazi huko Keko, Dar es Salaam, aliigeuza, akalaza rula ya chuma kwenye tumbo lake, akaiinua usawa wa dirisha. Mwanga ulipita katikati. Akanirudishia. "Mwanangu, hii si randa. Hii ni pasi."

Kisu chake nacho kilikuwa laini, makali yakiisha kabla ubao mmoja wa paini haujaisha. Kwa miezi miwili nilidhani mimi ndiye nisiyejua. Hapo ndipo randa mbovu inapomuumiza anayejifunza. Mbao ikichanika, hujui kama kosa ni la mkono wako, la nyuzi za mbao au la chombo, na bila kulijua kosa huwezi kulirekebisha. Kwa hiyo nazipanga kwa vigezo viwili tu: je, kisu kinanoleka na kushika makali? Je, kikishafungwa, kinatulia pale ulipokiweka? Bei siandiki, maana ya leo Kariakoo si ya kesho, na ya Gikomba hutegemea uso wa mnunuzi.

Ya kwanza: randa ya chuma iliyotumika, namba 5

Hizi namba zilitoka kwa Stanley, kampuni ya Marekani iliyonunua hataza (haki za uvumbuzi) za Leonard Bailey, mvumbuzi wa mtindo huu wa randa, mwaka 1869, na wengine wengi wakazifuata. Namba 4 ina urefu wa sentimita 25 hivi, namba 5 ina 35, na namba 7 inafika 56. Namba 4 na 5 zina kisu cha upana uleule, inchi 2.

Wauzaji wengi watakupa namba 4 kwa kuwa ni nyepesi na ndiyo inayojulikana. Si mbaya. Lakini randa fupi hushuka bondeni na kupanda mlimani pamoja na ubao, nawe unabaki na ubao laini uliopinda. Randa ndefu hupita juu ya mabonde, ikikwangua vilima peke yake hadi uso ulingane. Namba 7 ndiyo bingwa wa kunyoosha, ila ni nzito na mgeni huchoka nayo mapema. Namba 5 iko katikati. Itanyoosha ubavu wa fremu ya mlango asubuhi, na jioni ilainishe uso wa stuli.

Tafuta Stanley ya zamani, au Record, iliyotengenezwa Sheffield, Uingereza. Zimo kwenye mafungu ya vifaa vya mtumba, na zimo kwa mafundi wastaafu ambao watoto wao hawakuitaka kazi hiyo. Mwenye ndugu Uingereza amtume kwenye masoko ya vitu vikuukuu ya Jumapili, kwa kuwa huko randa hizi bado ni nyingi.

Ukiipata, usiogope kutu ya juu juu. Hiyo hutoka kwa msasa na mafuta ya taa. Ogopa ufa. Tazama kwenye kona za mdomo, ule mwanya kinapotokea kisu, halafu ubavuni kote. Chuma cha randa ni cha kumimina, kikipasuka hakiungiki vizuri, na fundi wa welding atakayekuambia "hakuna shida" mshukuru uondoke. Kisha toa kisu. Geuza upande ulio bapa. Kutu ikiwa imechimba vishimo karibu na makali, utanoa mpaka uzeeke. Pima pia kisu kimebaki kirefu kiasi gani chini ya ule mfereji wake, yaani tundu refu la katikati. Vingine vimenolewa miaka 40 na vimebaki ncha tu. Gurudumu dogo la shaba la kupandisha na kushusha kisu linazungukia kinyume na skrubu za kawaida. Ndivyo lilivyotengenezwa, wala si ubovu, ingawa nimewahi kumwona mnunuzi akipunguziwa bei kwa sababu hiyo. Nilinyamaza.

Mpini uliopasuka usikuzuie. Utachonga mwingine, na hiyo ni kazi nzuri ya kwanza.

Ya pili: randa mpya ya chuma kutoka India

Kuna viwanda vya India vinavyotengeneza randa kwa mtindo uleule wa Bailey, Anant ikiwa mojawapo ya chapa zake. Randa za daraja hili zinunue ukijua utazimalizia mwenyewe. Bandika msasa wa maji kwenye kioo kinene na usugue tumbo la randa hadi mikwaruzo ienee mbele ya mdomo, nyuma yake na pembeni. Fanya hivyo kisu kikiwa kimefungwa ila kimerudishwa ndani. Ni kazi ya alasiri moja. Faida yake ni kwamba haina ufa wala historia, na kisu ni kizima.

Ya tatu: randa ya mbao

Naipenda kuliko nafasi niliyoipa. Chombo hiki ni cha pwani tangu zamani, na hata jina tunachangia na ng'ambo, maana Wahindi nao huiita randa. Inateleza kwa wepesi na mwili wake haupati kutu, jambo kubwa kwa anayefanya kazi Tanga, Mombasa au Unguja ambako hewa ya chumvi hula chuma usiku kucha. Lakini haina skrubu. Ukitaka kisu kishuke unakigonga kichwani kwa nyundo ndogo, ukitaka kipande unagonga kisigino cha randa. Wakati wa masika mti huvimba na kila kitu kinabadilika. Mzoefu hurekebisha kwa sikio. Anayeanza atakuwa anajifunza masomo mawili kwa pamoja, na yote yatamchelewesha.

Ya nne: randa ndogo ya mkono mmoja

Ni tamu kwa kuvunja kona na kusawazisha ncha za mbao ambako nyuzi zimekatwa, hasa ile ya kisu kilicholazwa chini sana, kama namba 60½ ambayo kisu chake kimelala kwa digrii 12. Inunue baada ya randa yako ya kwanza. Peke yake haiwezi kunyoosha ubao.

Kuhusu randa za kifahari kama Lie-Nielsen za Marekani: ni nzuri kweli, na namba 4 yao inazidi dola 300 kabla ya usafiri na ushuru. Mwenye nazo anunue. Bado itabidi anoe.

Za mwisho

Ile ya bluu ya dukani isiyo na jina, mshajua. Randa ya umeme naiweka hapa pia, ingawa mwenye oda ya vitanda 20 atanicheka. Kwa karakana ya biashara inaokoa mgongo. Kwa kujifunza haifundishi kitu: inakula ubao kwa pupa, inaacha mawimbi, na haikuambii nyuzi zinaelekea wapi mpaka imeshang'oa.

Fedha iliyobaki

Chochote ulichopanga kutumia, gawa nusu. Nusu ya pili ni ya kunoa. Jiwe la mafuta la pande mbili linatosha. Likikosekana, msasa wa maji wa namba 400, 800 na 1200 juu ya kioo. Noa mteremko kwa digrii 25, kisha ncha yenyewe kwa 30, hadi uhisi kwa kidole kijiunywele cha chuma upande wa pili. Kiondoe kwa kulaza kisu bapa kabisa, kisha pitisha kwenye mkanda wa ngozi. Kisu kikikata nywele za mkono, kiko tayari. Usikipeleke kwenye grinda ukakiacha kigeuke bluu, kwa kuwa hapo ugumu wa chuma umeshakwenda. Ongeza mshumaa wa kusugua tumboni, na mafuta ya cherehani ya kupaka jioni.

Anza na paini, ile ya Sao Hill au yoyote kavu, kipande cha sentimita 60. Ukianza mkato, bonyeza mbele. Ukikaribia mwisho, hamishia uzito nyuma, la sivyo ncha zote mbili zitachongeka. Nyuzi zikichanika, geuza ubao. Ukishapata maranda marefu kama utepe kutoka ncha hadi ncha, tena na tena, ingia kwenye mninga. Maranda yenyewe usiyatupe, wafuga kuku watakuja na viroba.

Mvule uache kwanza. Nyuzi zake zimepishana, na wakati mwingine huficha ndani bonge la chokaa iliyoganda kama jiwe. Nilikutana nalo nikiwa katikati ya uso wa meza ya mteja, na kuliondoa pengo kwenye kisu kulinila asubuhi nzima.