Tathmini ya OraQuick, kipimo cha kujipima VVU: kizuri, lakini maadui zake ni saa na baridi

Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Hicho ndicho kiwango cha VVU kwa watu wazima katika utafiti wa kitaifa wa 2022-2023, wakati wastani wa Tanzania nzima ni 4.4. Kujipima mwenyewe kuliruhusiwa kisheria mwaka 2019, na kwa dereva anayelala kwenye foleni ya mpaka wa Tunduma, au kibarua wa chai Mufindi asiye na siku ya kukaa kliniki, kipimo cha mdomoni kinaokoa mengi. Tatizo ni kwamba wengi hukitumia kama kipimo cha mimba: weka, subiri kidogo, tazama, tupa. Hakiko hivyo.

Ndani ya mfuko kuna kijiti chenye ncha bapa ya kufyonza, kichupa chenye maji, kishikizo cha kusimamishia kichupa na maelezo ya picha. Kinachotafutwa si kirusi. Ni kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana nacho, zinazotoka kwenye damu na kupenya kwenye ufizi. Kwa hiyo ncha ipite kwenye ufizi wa juu mara moja, kuanzia upande mmoja hadi mwingine, kisha wa chini mara moja. Anayeinyonya au kuisugua kwenye ulimi anachota mate matupu. Kwenye kidirisha cha kijiti hutazamwa mistari miwili: T ni dalili ya VVU, C ni ya kuonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi. Mstari wa C hujitokeza pale kipimo kinapokutana na kingamwili za kawaida za binadamu. Usipotokea, huenda ufizi haukuguswa vizuri, na kipimo hicho hakihesabiki hata kama T imejitokeza.

Dakika 15 kabla ya kupima usile wala usinywe kitu, iwe chai au ulanzi. Kama umepiga mswaki au kusukutua kwa dawa, subiri 30. Usiguse ncha kwa vidole. Kichupa kifunguliwe kikiwa wima, na maji yakimwagika tafuta kipimo kingine. Usiongeze ya bomba (hili lisingehitaji kusemwa, lakini linahitaji). Kijiti kizame mpaka chini na kibaki humo. Rangi ya waridi itapanda kwenye kidirisha kisha itafifia, hiyo ni kawaida.

Majibu husomwa kati ya dakika ya 20 na ya 40. Kabla ya hapo mstari wa T unaweza kuwa haujajitokeza. Baada ya hapo unaweza kujitokeza usio wa kweli. Anayepima usiku, akalala na kusoma alfajiri, hana majibu yoyote. Weka kengele ya simu mbili, ya kuanza kusoma na ya mwisho. Soma kwenye mwanga wa kutosha, kwa sababu T hafifu, hata ya kukisia, ni T.

Baridi ndiyo haizungumzwi. Kipimo kinatakiwa kutumika kwenye joto la nyuzi 15 hadi 37. Usiku wa Juni au Julai Makete, Njombe mjini au Uporoto, chumba kisicho na moto hushuka chini ya hapo bila shida. Kipashe joto, mfuko ukiwa umefungwa, ndani ya koti kwa muda, na pimia mchana. Kwa kuhifadhi ni nyuzi 2 hadi 30, na hapo lawama inahamia kwenye joto la Kyela, la Usangu na la dashibodi ya gari. Duka la dawa lenye bati lisilo na dari, linaloanika maboksi dirishani, lipite.

Usahihi wake una upande. Kilipoidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa matumizi ya nyumbani, kilikosa takriban mtu 1 kati ya kila 12 wenye VVU, na kikamsingizia takriban 1 kati ya kila 5,000 wasio navyo. Chukua watu 1,000 ambao 60 kati yao wana VVU bila kujua: watano hivi wataambiwa hawana, na anayesingiziwa huenda asiwepo hata mmoja. Mistari miwili basi ni habari nzito, ingawa lazima ithibitishwe kwa damu kituoni. Mstari mmoja ni jibu la muda.

Sehemu ya sababu ilionekana Mbeya. Utafiti uliochapishwa 2016, uliofuatilia watu 2,276 walio kwenye hatari kubwa Tanzania, Kenya, Uganda na Thailand, huku Mbeya ikiwa kituo chake cha Tanzania, ulinasa maambukizi mapya 112. Virusi vilifika kileleni siku ya 13 hivi tangu vionekane kwenye damu. Yaani mtu anakuwa na virusi vingi kupindukia wakati kingamwili ndiyo kwanza zinajengeka, na za kwenye ufizi huchelewa zaidi. Ndiyo maana jibu la hasi hurudiwa baada ya miezi 3 tangu tukio la hatari la mwisho.

Anayetumia ARV asijipime ili "kuona kama amepona". Dawa hupunguza kingamwili, T inaweza kupotea, na anayeamini jibu hilo akaacha dawa anajiumiza. Aliye kwenye dawa kinga, PrEP, apimwe kliniki. Mtoto mchanga naye hapimwi na hiki, kwa kuwa anabeba kingamwili za mama yake.

Vipimo vya kujichoma kidole huona maambukizi mapema kidogo. Asiyeogopa sindano na akavipata, achukue hivyo. OraQuick inabaki bora kwa anayetetemeka mikono au asiyetaka damu. Na kama tukio lilikuwa jana au juzi, acha vyote viwili. Nenda kituo cha afya ukaombe PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya tukio, kabla ya saa 72 kwisha.