Unga wa bitiruti: mwekundu kwenye aisingi, kahawia kwenye oveni

Naoka keki za watoto, na kwa miaka mingi wekundu wangu ulitoka kwenye kichupa kimoja: matone mawili tu, bakuli zima limekolea. Siku niliyosoma kibandiko chake vizuri ndiyo siku niliyoanza kutafuta kitu kingine. Kiliandikwa E129, namba ya Ulaya ya kutambulisha kiongezwa cha chakula, yaani Allura Red, rangi nyekundu ya kutengenezwa kiwandani. Tangu 2010 Umoja wa Ulaya unataka chakula chenye rangi hiyo kibebe onyo kwamba inaweza kuathiri utulivu na usikivu wa watoto. Januari 2025 Marekani nayo ikafuta kibali cha rangi nyingine, Red 3, katika chakula, na hiyo walishaizuia kwenye vipodozi tangu 1990. Miaka 35 midomo inalindwa kwa nje, tumbo linaachwa! Hilo liliniuma.

Nikanunua pakiti tatu za unga wa mimea. Wa bitiruti ndio nilioutumia zaidi.

Kwenye aisingi ya siagi unapendeza mno. Chekecha kwanza, maana unanyonya unyevu hewani na kufanya madonge. Donge moja likipita, linaacha doa jeusi-jeusi ukipaka. Vijiko viwili vya chai kwenye gramu 250 za siagi na sukari ya unga vilinipa waridi iliyoiva. Ukitaka wekundu kamili utaongeza, na hapo harufu ya udongo inaanza kusikika. Vanila na maji kidogo ya ndimu huifunika.

Kwenye oveni mambo ni mengine. Rojo liliingia jekundu kama damu. Nilipokata keki, pembeni kulikuwa na ukanda mwembamba wa waridi, katikati yote kahawia. Nilidhani nimeiunguza, lakini sivyo: rangi ya bitiruti, betanini, huvunjika kwa moto, na magadi niliyotia yaliimalizia, kwa sababu haipendi kitu chochote cha kukata uchachu. Mara ya pili niliacha magadi, nikaumua kwa mayai yaliyopigwa sana, nikatia ndimu. Ikatoka waridi iliyopauka. Nafuu, ila mtu akiagiza keki nyekundu siwezi kumpelekea ile.

Wa rozela ni mwekundu mradi kuna uchachu. Jaribu mwenyewe: koroga chembe kwenye maji, kamulia ndimu, uone unavyowaka, kisha dondoshea magadi, utageuka zambarau, halafu buluu, mbele ya macho yako. Kwa jeli, jemu na sukari ya kumiminia juu ya keki iliyochanganywa na ndimu, sijaona wa kuushinda. Kwenye aisingi yenye maziwa ulinipa zambarau ya kijivujivu, nikaimwaga.

Wa tatu ni karoti nyeusi. Nao huhitaji uchachu, ila unastahimili moto kuliko wenzake, na ndani ya keki ya mtindi isiyo na magadi ulibaki na wekundu wa divai. Huo ndio ninaookea sasa.

Jambo moja naomba mlizingatie mkiwa dukani. Pakiti iliyoandikwa "rangi asilia" si lazima iwe ya mmea. Nilishika moja nzuri sana, nyekundu kuliko zote, nyuma imeandikwa E120. Hiyo ni kamini, hutengenezwa kwa wadudu wadogo waliokaushwa. Wapo wasiokula wadudu kwa imani au kwa hiari yao, na wana haki ya kujua kabla hawajauma kipande. Bitiruti ni E162. Rozela na karoti nyeusi ziko kwenye E163.

Bitiruti nimeshaagiza tena. Ukiununua, hamishia kwenye chombo kisichopitisha mwanga wala hewa. Wa kwangu niliuacha wiki tatu dirishani kwenye chupa ya kioo, na upande ulioelekea jua umefifia ukawa kama vumbi la tofali.