Betri za volti tisa za maiki, nilizojaribu hapa Tanga

Wadau wa muziki wa shughuli hii yenu. Mimi napiga muziki kwenye maharusi na visomo, na maiki zangu zisizo na waya zinakula zile betri za mraba za volti tisa. Kama miezi minne nimeteseka na maiki moja, emsii akisimama tuli inasema vizuri, akianza kurukaruka tu inakata, halafu inarudi yenyewe. Nimepeleka kwa fundi, nimekaza vishikizo vya betri, wapi! Harusi moja Makorora ikakata bibi harusi ndo anaingia, shangazi mtu akanigeukia na lile jicho, we acha tu.

Dawa nimekuja kuipata kwa jamaa wa Marekani wanaorusha roketi za hobi, yale makubwa makubwa. Ndani wanaweka kikompyuta kinachopima mgandamizo wa hewa, kikiona roketi imefika juu kabisa kinalipua kibiriti cha umeme ili parachuti litoke, na wengi wanakiendesha kwa betri hiihii yetu. Sasa roketi ikichomoka ule mtikisiko si wa kitoto, betri ikipoteza mguso kidogo tu kikompyuta kinaweza kuzima na kuanza upya, parachuti halitoki, mzigo unashuka kama nazi. Ndo maana wanatafuta betri yenye seli, yaani vile vibetri vidogo vya ndani, zilizochomelewa, wanaifunga na zile kamba za plastiki, na wengi wao kila mruko betri mpya. Nikasema ee, roketi yangu mimi si ndo huyu emsii!

Nikachukua koleo nikapasua mbili zilizokwisha. Ya 1,500 ya pale Ngamiani imeandikwa 6F22, ndani vipande bapa sita vimepangwa kama biskuti kwenye pakiti, vinagusana kwa kubanwa tu basi. Ya 5,000 imeandikwa 6LR61, seli sita nyembamba za duara, zimeungwa na vibati vilivyochomelewa. Kumbe maandishi yenyewe yanasema, 6 ni idadi ya seli, kila moja volti 1.5, L alkalaini yaani aina ya kemikali ya ndani, R duara, F bapa. Miaka yote nasoma bei tu.

Hiyo 6F22 kwa maiki hapana. Ikiwa mpya mita inakupa volti 9 na ushee unafurahi, hebu washa maiki upime tena hapohapo uone inavyoporomoka, kupima betri haijabeba mzigo ni kujidanganya. Kwenye vitu vinavyokula umeme kidogo hizo hazina neno. 6LR61 nimepiga nayo shughuli nne, emsii kacheza mpaka baikoko, haijakata hata mara moja.

Nilijaribu na ya kuchaji kwa waya wa simu. Ndani ni lithiamu ya volti 3.7 inapandishwa mpaka 9, kwa hiyo taa ya maiki inakwambia imejaa imejaa halafu inazima ghafla, na spika inatoa mlio kama wa nzi. Nimempa mtoto wa dada aweke kwenye toi lake.

Halafu futeni vishikizo kwa kifutio cha penseli, chumvi ya hapa Tanga inakula chuma.

Angalizo moja, kuna duka waliniuzia "alkalaini" kwa mdomo, nageuza nyumbani 6F22 hiyo. Sasa hivi kijana wa duka ninalonunua akiniona tu anageuza betri upande wa maandishi, hata salamu bado.