Duka la gesi linalopima mtungi mbele yako: uzoefu wangu

Gesi ya kupikia nanunua duka moja la hapa Tabata, na kinachonirudisha pale ni mizani iliyokaa mlangoni. Huhitaji kuomba. Kijana anapandisha mtungi, anafuta vumbi shingoni, anakuonyesha uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye chuma, halafu mnajumlisha pamoja uzito huo na kilo za gesi. Wangu wa mwisho, wa kilo 15, ulikuwa umegongwa 15.4, kwa hiyo mizani ilitakiwa isome 30.4. Ikasoma hivyo, ndipo nikalipa.

Wengi wetu tukishaona sili haijaguswa tunaridhika. Sili haikwambii ndani kuna kilo ngapi. Duka nililokuwa naenda zamani, kila nikiuliza mizani naambiwa ni mbovu, na mtungi mdogo ulikuwa unakata mapema mno kwa mapishi yaleyale. EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti huduma za nishati na maji, inawataka wauzaji wawe na mizani na wampimie mteja, kwa hiyo jamani, daini mpimiwe.

Aliyenifurahisha zaidi ni kijana wa kuleta. Mtungi anaufunga wima kwenye bodaboda, haulazi. Ukilazwa, gesi ikiwa bado kimiminika inafika kwenye valvu, na ikipenya hapo inatoka nyingi sana kuliko mvuke. Alipofika jikoni alifunga regulata, kile kifaa cha kupunguza msukumo wa gesi, akachovya sifongo kwenye povu la sabuni, akapaka kwenye maungio. Vipovu vikaanza kufura kimoja kimoja pembeni ya valvu. Akafungua palepale, akatoa ringi ya mpira iliyokuwa imepasuka, akaweka mpya, akapaka tena mpaka pakatulia. Hapo ndipo aliporuhusu kiberiti. Akaniomba pia nisiuweke mtungi ndani ya kabati, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa: ikivuja inatuama chini, na dirisha la juu haliiondoi haraka.

Dosari zipo. Jioni wanachelewa mno, watu mnakaa na njaa. Kubwa zaidi, mizani haisafiri na bodaboda, kwa hiyo anayeagiza kwa simu hauoni uzito kwa macho yake. Nimewaomba wampe kijana mizani ya kuning'iniza, wamesema watalifanyia kazi. Kwa sasa naenda mwenyewe, mtungi unapimwa nikiwepo, ndipo unapakiwa.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano wataipata wakileta hiyo mizani.