Kihindi, Kichina na cha kuchanganya: nilikokula Tanga

Mgeni akifika Tanga na hamu ya chakula cha Kihindi au Kichina, mara nyingi ameshaelekezwa Raskazone, kwenye hoteli za ufukweni. Mimi humrudisha mjini. Baharini upepo ni mzuri na taa zinapendeza, ila huko ndiko nilikolipa fedha nyingi nikala vibaya. Kabla sijakaa popote nauliza: leo kimeingia nini? Samaki gani? Nazi imekunwa au ni ya boksi? Mhudumu akinijibu palepale, navuta kiti. Akinikabidhi menyu nene yenye Kihindi, Kichina, Kithai, piza na baga, nakunywa soda yangu naondoka.

Majina ya migahawa sitayataja. Hapa kwetu watu huelekezana kwa mitaa, na kibao hubadilika mwenye nyumba akipandisha kodi. Bodaboda wote wanajua pa kukupeleka.

Nianze na Wahindi, maana ndio wenye mizizi. Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, mashamba ya mkonge yakafuata, na maduka ya Kihindi yakajipanga mitaa ya mjini, upande huu wa reli kabla hujavuka kwenda Ngamiani. Mgahawa ninaoupenda uko humo, hatua chache kutoka sokoni, chini ya nyumba ya zamani ya ghorofa moja. Feni inapiga kelele na meza zina vitambaa vya plastiki. Asubuhi kuna bajia, kachori na chai ya maziwa, vitu ambavyo Tanga unavipata kila kona, kwa hiyo sina la kuongeza. Mchana ndipo naanza kumpima mpishi, na kipimo changu ni dali. Dali haina nyama ya kujifichia. Bizari nyembamba na kitunguu saumu vinatakiwa vikaangwe kwenye samli ya moto, kisha vimiminwe juu ya bakuli vikilia. Hapa wanafanya hivyo ukiwa umeshakaa, na harufu inakufikia kabla ya chakula chenyewe. Mahali pengine nilipewa dali iliyopikwa asubuhi ikachemshwa tena mchana, juu imefanya ngozi. Sikurudi.

Usiku jiko la mkaa linatolewa nje barazani. Mishkaki ipo, na kuku wa kuchoma yupo, lakini agiza kuku paka, chakula cha Wahindi wa Afrika Mashariki wenyewe. Kuku huchomwa kwanza juu ya makaa mpaka ngozi ianze kuungua kidogo, ndipo aingie kwenye rojo la tui zito lenye manjano, tangawizi na pilipili mbichi. Ule moshi unabaki ndani ya tui. Ukiona rojo limekuja jeupe halina harufu ya moshi, ujue kuku alichemshwa. Omba wa kienyeji, hata kama utamsubiri. Wa kisasa anasambaratika akikutana na tui. Kula na naan, usile na wali, na limau likamuliwe juu.

Biriani ni mjadala mrefu, nami nina upande. Ya kwetu Pwani, wali na masala hupikwa mbalimbali, vinakutana kwenye sahani. Ile ya Hyderabad, nyama mbichi iliyolazwa kwenye mtindi na viungo hupangwa chini, wali ulioiva nusu unakuja juu, sufuria inazibwa kwa unga uliokandwa, na vyote vinaiva kwa mvuke wao. Huu mgahawa wanapika ya Pwani Ijumaa, na hiyo ya kuzibwa kwa oda tu, angalau watu sita. Nimekula zote mbili. Kwa wali, ya kuzibwa inashinda, kila punje imebeba harufu ya iliki. Kwa masala, ya Ijumaa haina mpinzani, kwa sababu vitunguu vinakaangwa mpaka viwe kahawia na hawavipunguzi ili kubana mafuta. Niliuliza iliki na pilipili manga wanatoa wapi, wakaniambia Amani, huko juu Usambara. Inaonekana: iliki yao ukiifungua ndani ni nyeusi na ina mafuta, haijakauka kama zile zilizozeeka dukani.

Kwenye menyu za Wahindi kuna ukurasa wa Kichina ambao watu huuruka. Msiuruke. Hicho ni Kichina cha India, kilichoanza kwa Wachina wa Kihakka waliohamia Kolkata wakapika kwa viungo vya huko. Kuku wa Manchuria hana uhusiano wowote na Manchuria, ile ya kaskazini mashariki mwa China. Anayetajwa kumbuni ni Nelson Wang, Mchina mzaliwa wa Kolkata, akiwa mpishi Mumbai mwaka 1975: alianza na tangawizi, kitunguu saumu na pilipili mbichi kama mpishi yeyote wa Kihindi, halafu badala ya garam masala akatia sosi ya soya na wanga wa mahindi. Tanga nimemla mara nyingi na hajawahi kuniangusha, ila wifi yangu asiyekula nyama ndiye aliyenionyesha kilicho bora zaidi, koliflawa ya Manchuria. Koliflawa zinashuka kutoka Lushoto zikiwa bado ngumu, zinachovywa kwenye uji mzito wa unga, zinakaangwa, kisha zinazungushwa kwenye sosi. Sema unataka kavu. Ya rojo inalainika ukiwa unaongea.

Kichina cha Wachina wenyewe ni habari nyingine. Kampuni ya China Harbour Engineering ilipokuwa inapanua bandari yetu, Wachina waliongezeka mjini, na palipo na mafundi wao hapakosi jiko lao. Mgahawa ninaousema uko njia ya Raskazone, ndani ya nyumba ya kawaida yenye geti la chuma. Ukipita kwa gari hutauona. Menyu ni ya picha. Kwa Waislamu, ambao Tanga ndio wengi, nawaambia mapema: nguruwe yupo kwenye menyu. Nilimuuliza dada anayehudumia kama wana vyombo vya pembeni, akanijibu wazi, “Dada yangu, karai ni hilihili, tunaliosha tu.” Nilipenda ukweli wake. Rafiki zangu Waislamu hawaendi, na wana haki yao.

Kwa anayeweza kwenda, aagize changu wa mvuke. Anakuja mzima, amechanjwa ubavuni, juu ana tangawizi iliyokatwa nyuzinyuzi na majani ya kitunguu. Akitoka kwenye mvuke anamwagiwa sosi ya soya, halafu mafuta ya moto yanayomfanya alie mbele yako. Hakuna kingine. Samaki aliyelala kwenye barafu siku mbili hapikiki hivi, atajitangaza mwenyewe. Hawa wananunua asubuhi kwa wavuvi wa Deep Sea, soko letu la samaki, na bahari ikichafuka wanakwambia samaki leo hakuna. Mgahawa unaoweza kutamka maneno hayo mimi nauamini. Pia jaribu chainizi. Ndiyo, chainizi ileile ya mafungu sokoni, ambayo majumbani tunaichemsha mpaka inakata tamaa. Wao wanaipitisha kwenye karai lenye moto mkali pamoja na kitunguu saumu, inatoka ya kijani na bado inavunjika mdomoni. Tofu ya Sichuan, ile jibini ya soya kwa mapishi ya jimbo hilo la China, ipo vilevile, ina zile pilipili zinazotia ganzi midomo. Mume wangu alidhani amepatwa na kitu akaanza kuomba maji. Nendeni watu wanne au watano, kwa sababu sahani huwekwa katikati na kila mtu anachota. Ukienda peke yako utakula samaki na wali mweupe tu, na bei itakuuma.

Sasa ile hoteli. Ipo ufukweni, sitaitaja. Tuliagiza kamba wa Kithai wa tui na viungo vya kijani. Oda ilichukuliwa magharibi, chakula kikafika isha imeshapita zamani. Kamba walikuwa wa kwenye friza, wamelegea, na tui lilikuwa la boksi, tamu kama la keki. Tanga hii, yenye minazi mpaka uani! Mchaichai tunaotia kwenye chai kila siku ndio huohuo Wathai wanaoutwanga kwenye viungo vyao, unaota nyuma ya nyumba, halafu mtu anafungua kopo lililosafiri kwa meli. Kwa watu wawili tulilipa zaidi ya Sh 90,000, na bili ilikuwa na “huduma” juu yake.

Kilichokosekana pale nilikipata Chumbageni, kwenye bustani ya mama mmoja anayepika kwa oda. Unampigia siku moja kabla, anakwambia atapata nini sokoni, mnakubaliana. Ngisi wake anapikwa kwa tui la kwanza, mchaichai uliopondwa, maganda ya ndimu na pilipili kichaa, na anaingia jikoni mwishoni kabisa ili asiwe mpira. Tambi za mayai anazikaanga na pweza aliyechemshwa kwanza mpaka akalainika, anatia ukwaju kidogo na karanga zilizopondwa. Ukiniuliza chakula kimoja cha kuchanganya, mapishi ya Kiasia kwa vitu vya Pwani, kinachostahili safari kutoka Dar es Salaam, ni hizo tambi. Si kila kitu chake kimekaa sawa. Chapati aliyoiviringisha na kuku wa sosi tamu ya Kijapani ilikuwa sukari tupu, na nilimwambia, “Mama, hii watoto wataipenda.” Akacheka, lakini bado ipo kwenye orodha yake. Bei yake haizidi Sh 20,000 kwa mtu, unalipa kwa simu, na viti ni vya plastiki.

Sushi, ule wali wa Kijapani wenye samaki mbichi, Tanga sijaona pa kuniridhisha, na kwa joto letu na umeme wetu sina haraka. Kinywaji ni lasi ya pale kwa Wahindi mjini, ya chumvi na bizari nyembamba iliyokaangwa, kwa mtindi wa Tanga Fresh. Ya embe wanaiongezea sukari embe likiwa limeiva tayari, kwa hiyo waambie mapema.

Ramadhani migahawa mingi ya mjini hufungwa mchana, na jioni viti hujaa mara tu baada ya kufuturu, kwa hiyo nenda baada ya tarawehe. Kwa Wachina uliza bei ya samaki kwa kilo kabla hawajamtia kwenye mvuke. Na biriani ya Ijumaa, kufika saa nane mchana ni kukuta sufuria inakwanguliwa; piga simu saa nne asubuhi wakuwekee.