Uzamili wa usalama wa kompyuta huku ukifanya kazi Lubumbashi: uzoefu wangu

Nimesoma uzamili huu kwa miaka 3 kwa njia ya intaneti, katika chuo kimoja cha Uingereza, bila kuacha kazi. Masomo ni mazuri na ningeyachagua tena. Ila mambo yanayomkwamisha mwanafunzi wa huku kwetu hayamo kwenye tangazo la chuo, na karibu yote yako kwenye maabara, yaani mazoezi unayofanya kwenye kompyuta yako mwenyewe.

Piga kwanza hesabu ya saa. Uzamili wa Uingereza una krediti 180, kila krediti ni saa 10 za kazi, kwa hiyo saa 1,800. Miaka 3 yenye wiki 40 za masomo kila mmoja inakupa saa 15 kwa wiki. Ukisikia kuna kipindi kimoja tu cha saa 2, ujue 13 zilizobaki ni za kwako na kompyuta yako. Kipindi cha saa 12 jioni kwa saa za London huku ni saa 2 usiku wakati wa baridi yao, na saa 1 usiku wakati wa joto, kwa sababu sisi hatubadilishi saa. Mwishoni mwa Machi ndipo mtu anaingia kipindi kimekwisha nusu.

RAM ya GB 8 haitoshi. Zoezi la mtandao wa Windows linataka mashine pepe 3 kwa pamoja, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta yako: seva GB 4, kompyuta ya mtumiaji GB 4, Kali Linux (mfumo wenye zana za kupima usalama) GB 2. Hizo ni 10, na mfumo wako mwenyewe bado haujala. Nunua yenye GB 16 na diski ya SSD ya GB 512. Kama ni ya mitumba, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) palepale dukani uone kama uwezo wa kuendesha mashine pepe upo na unaweza kuwashwa. Ukiwa umezimwa, VirtualBox, programu ya kuendeshea mashine pepe, haitawasha mfumo wa biti 64. Na ile nakala ya hali ya mashine unayohifadhi kabla ya zoezi, ihifadhi mashine ikiwa imezimwa, kisha ufute za zamani. Zikirundikana diski inajaa, na mashine inasimama katikati ya kazi.

Kosa kubwa kuliko yote ni mpangilio wa mtandao. Ukiacha mashine pepe katika hali ya daraja (bridged), inayoiunganisha moja kwa moja na mtandao ulio nao, Nmap yako, zana ya kuchunguza mitandao, inachunguza kompyuta za ofisi au za jirani, na Metasploitable, mashine pepe ya mazoezi iliyotengenezwa ikiwa na matundu makusudi, inaonekana na kila mtu aliye kwenye Wi-Fi hiyo. Tumia mtandao wa ndani usiotoka nje ya kompyuta yako. Hili si suala la adabu tu: Kanuni ya Kidijitali ya Kongo, ya tarehe 13 Machi 2023, inaadhibu kuingia katika mfumo wa mtu bila ruhusa.

Umeme na laini ya intaneti ni lazima uvipangie. Betri ya volti 12, Ah 100, ina karibu Wh 1,200, lakini ikiwa ni ya madini ya risasi (lead-acid) usiitumie zaidi ya nusu. Laptopu ya wati 60 na ruta ya wati 12 zitakaa kama saa 7, ukitoa kinachopotea kwenye inveta. Hiyo inatosha delestaji, yaani mgao wa umeme, ya usiku. Mafaili makubwa yapakue kwa amri ya `wget -c`, yaendelee pale yalipokatikia, halafu linganisha `sha256sum`, alama inayoonyesha kama faili limefika zima. Kwenye seva ya chuo fungua programu ya `tmux` kwanza. Laini ikikatika, kazi yako inabaki hai kule.

Somo la kriptografia, yaani kuficha ujumbe kwa hesabu, ndilo lililofundishwa vizuri kuliko yote, na ndilo linaloangusha watu, kwa sababu ya hesabu za masalio, yaani kinachobaki baada ya kugawanya. Kabla ya muhula fanya RSA, njia ya kuficha ujumbe kwa ufunguo wa wazi (e) na wa siri (d), kwa kalamu: p = 3, q = 11, n = 33, kisha (p−1)(q−1) = 20. Ukichukua e = 3, d ni 7, maana 3 × 7 = 21, na 21 ukiigawa kwa 20 inabaki 1. Asiyeona 7 imetoka wapi arudie kanuni ya Euclid, ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika, kwanza.

Somo la usimamizi wa hatari ni kusoma ISO 27001 tu, kiwango cha kimataifa cha usalama wa taarifa. Toleo la 2022 lina vidhibiti, yaani hatua za ulinzi, 93.

Tasnifu, yaani memwari, ni krediti 60: saa 600, theluthi ya kazi yote. Ukitaka kutumia kumbukumbu za matukio (logs) za seva za mwajiri, omba barua ya ruhusa miezi 3 kabla, na tafsiri yake ya Kiingereza, kwa sababu kamati ya maadili haipitishi mada bila barua hiyo.