Kutazama besiboli mtandaoni ukiwa Dar: picha safi, warushaji wa kusikitisha

Huduma ninayoizungumzia ni ile ya kulipia msimu mzima ili kutazama ligi kuu ya besiboli ya Marekani kwa intaneti, ambayo niliitumia nyumbani Upanga katika msimu wa 2025. Ieleweke mapema kwamba mimi ni shabiki wa Colorado Rockies, timu ya jiji la Denver, kwa hiyo sehemu kubwa ya nilichokipata kwa fedha yangu ni kuwaona warushaji wa timu hiyo, yaani wanaomrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, mipira yao ikipigwa ovyo.

Picha sina ugomvi nayo. Kisanduku cha eneo halali la mpira huchorwa juu ya skrini, kasi ya kila mrusho huandikwa papo hapo, na kamera iliyo nyuma ya mrushaji humfanya mtazamaji aone anachokiona mpigaji. Kwa shabiki wa timu nyingine hiyo ni raha tupu. Kwangu ilikuwa adhabu, kwa sababu kosa huonekana kabla halijalipiwa: mdakaji, yaani mwenzake anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji, anaweka glavu chini, kwenye kona ya nje, mpira uliotakiwa kukunja unatoka mkononi ukiwa umenyooka, unapita katikati kabisa ya kisanduku, na muda si mrefu mpigaji ameutuma jukwaani, watazamaji wanaugombania. Mrushaji wa akiba anayeingizwa kuzima moto anarusha mipira minne nje ya kisanduku, mpigaji anatembea bure hadi besi ya kwanza, na mtu unabaki kujiuliza ni nani aliyewafundisha hawa.

Watangazaji hawachoki kuitaja hali ya hewa ya Denver, na kwa kiasi fulani wana haki. Uwanja wa Coors Field uko takribani mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mwinuko unaokaribiana na wa Iringa mjini, na katika hewa hiyo nyepesi mpira hukunja kidogo tu na ukipigwa huenda mbali zaidi. Lakini klabu imekuwa ikihifadhi mipira katika chumba chenye unyevu, ili kupunguza athari hiyo, tangu mwaka 2002, na imecheza katika uwanja huo tangu mwaka 1995. Tatizo linalojulikana kwa miaka 30 haliwezi kuendelea kuwa udhuru. Isitoshe, nusu ya mechi huchezwa ugenini, na huko nako nimewaona wakipigwa vilevile.

Tarehe 10 Mei walifungwa 21–0 na San Diego Padres wakiwa nyumbani, na siku iliyofuata kocha Bud Black akafukuzwa. Msimu ulipoisha walikuwa wameshinda mechi 43 na kupoteza 119. Mrushaji Kyle Freeland, ambaye ni mzaliwa wa Denver na kwa maoni yangu ndiye aliyejitahidi kuliko wenzake, aliandikiwa mechi 17 za kupoteza. Sikumlaumu sana, mara nyingi aliondoka mchezo ukiwa bado hai, wa akiba wakauzika.

Kuhusu matumizi ya hapa kwetu, mechi za jioni za Denver huanza karibu saa kumi kasoro alfajiri, jambo ambalo mfanyakazi wa kawaida hawezi kulivumilia kwa muda mrefu, ilhali zile za mchana wa Jumapili huanza saa nne usiku na zinatazamika vizuri. Bando huliwa haraka, hivyo asiye na intaneti ya nyumbani apunguze ubora wa picha.

Kilichoniokoa ni muhtasari. Mechi ya saa mbili na nusu hufupishwa kuwa dakika chache, ukaitazama asubuhi ndani ya mwendokasi kabla ya kufika Kivukoni. Kasoro yake ni kwamba muhtasari huonyesha pointi zilizofungwa na kuruka yaliyozizaa, yaani ile mirusho ya ovyo na mipira minne ya bure, kiasi kwamba mgeni wa mchezo anaweza kudhani wapinzani wa Rockies wote ni mabingwa wa kupiga.

Ninaipa huduma nyota nne kati ya tano. Kwa msimu ujao nitalipia mwezi kwa mwezi badala ya msimu mzima, ili warushaji wakianza kama walivyoanza mwaka 2025 niweze kujitoa kabla ya Juni.